Diwani Aliyeshindwa Mara Mbili

Kuna watu wakishindwa uchaguzi huenda kulima. Yeye alishindwa akaja Riyadh. Sisi tulimwita Diwani, ingawa cheo hicho kilikuwa kimefutwa nyumbani siku nyingi, na kazi yake ilikuwa kumwendesha Baba, tajiri wetu, ofisini na kuwapeleka watoto shule. Baadaye alishindwa tena, safari hii mjini Jeddah, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomshinda. Nataka kueleza kushindwa huko kwa pili, maana sijapata kumwona binadamu akishindwa vizuri vile. Ila siwezi kuanzia hapo. Asiyemjua Diwani hataelewa kwa nini ilituwia vigumu kunyanyua mikono.

Tulifanya kazi nyumba moja Riyadh, mimi yaya, yeye dereva. Chumba chake kilikuwa pale langoni, kitanda na birika, na koti la kijivu limening'inia kwenye msumari. Koti hilo alilivaa kila Ijumaa, hata ile miezi ambayo Riyadh inawaka kama jiko la mkaa. Ukimwuliza mbona anajitesa, atakwambia mheshimiwa hasimami mbele ya umma na shati tupu. Umma wenyewe tulikuwa sisi: mayaya, madereva na walinzi wa kaunti yetu, tuliokutana bustanini karibu na Dirah kunywa chai ya thamosi. Hatukuwa na ofisi wala bendera, na hatukuita mkutano. Tuliita chai. Lakini mtu akifiwa, akiugua, au akibaki njia panda kati ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, na ajenti, chai hiyo ndiyo iliyomshika mkono, na Diwani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake tangu mwanzo.

Udiwani ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa. Mpishi wetu, mama mmoja Mfilipino mwenye hasira za karibu, alipogombana nami juu ya nani asugue sufuria, Diwani aligonga kikombe kwa kijiko na kutangaza, "Hoja ya nidhamu!" Kisha akatusikiliza mmoja mmoja, kwa Kiarabu cha jikoni, mpaka ugomvi ukatuchosha wenyewe. Haikupita muda yule mama naye akajifunza. Nikimkaribia na sufuria chafu ananyoosha kijiko na kusema, "Hoja!" Madam, mke wa Baba, naye hakusalimika. Akimwagiza mambo matatu kwa pumzi moja, Diwani humjibu, "Madam, wahda wahda." Moja moja. Madam hucheka, akaanza upya. Yeye alidhani Diwani ndilo jina lake la kuzaliwa, na hakuna aliyetaka kumharibia.

Garini alikuwa mtu mwingine. Aliyehubiri kila Ijumaa kwamba wananchi washirikishwe, hakuruhusu kiumbe yeyote kugusa redio yake. Kiyoyozi aliamua yeye. Njia aliamua yeye, hata pale mtoto wa miaka minane alipomwonyesha kwamba barabara imefungwa. Nilimwambia siku moja kwamba gari lake linatawaliwa kikoloni. Akafikiri kidogo, akasema gari si kaunti, gari lina usukani mmoja.

Nyumbani alikuwa diwani katika yale mabaraza ya zamani, kabla katiba mpya haijayafuta na kutuletea kaunti, magavana na wawakilishi wa wadi. Uchaguzi wa kwanza wa kaunti alisimama kugombea uwakilishi wa wadi akiwa na hakika ya mtu aliyerudi nyumbani kwake kuchukua kofia tu. Akaangushwa na mwalimu wa chekechea. Alikuwa ameuza ng'ombe na mashine ya kusagia kwa ajili ya kampeni, na aibu ikamfanya ashindwe hata kukatiza sokoni mchana. Ajenti mmoja alikuwa akitafuta madereva wa Saudia, naye leseni alikuwa nayo. Ile methali ya asiyekubali kushindwa si mshindani aliichukia kuliko matusi. Ukimtajia, anakwambia aliyeitunga hakuwahi kuuza ng'ombe.

Basi cha ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeangushwa na kaunti ndiye aliyezitetea kuliko sote. Sisi tulikuwa na malalamiko yetu: kazi za kaunti kupewa mashemeji, barabara kuzinduliwa mara mbili, mheshimiwa kuja na ving'ora kufungua choo. Diwani alikubali yote, kisha akauliza, "Na zamani mlikuwa mkimlalamikia nani? Mlikuwa hamumjui hata jina!" Aliona ni maendeleo makubwa kwamba mwizi sasa anajulikana nyumbani kwao.

Siku moja nilimkuta amekaa garini, injini imezimwa, anafuta macho.

"Diwani, kulikoni? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna mtoto."

Akanionyesha picha kwenye simu. Mpwa wake alikuwa amejifungua katika zahanati mpya ya wadi yao, ile iliyofunguliwa na mwalimu yule yule wa chekechea.

"Udiwani wangu wote nilikuwa nikiililia Nairobi hiyo zahanati," akasema. "Nairobi ikaniambia ningoje, nikangoja. Huyu msichana wa chekechea hakulilia mtu. Wamekaa pale kaunti, wakapanga, wakajenga."

"Si ufurahi basi?"

"Nimefurahi. Si unaona nalia?"

Nilimpenda sana siku ile, na nilimwambia hivyo. Jioni yake akatutumia kikundi kizima ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya bajeti, akilalamika kwamba lango la zahanati limeelekezwa upande usiofaa.

Jambo moja tu hakuwahi kuisamehe kaunti, nalo ni mpaka. Kuna soko kwetu ambalo mpaka na kaunti jirani unalipasua katikati. Enzi zake za udiwani lilikuwa soko moja. Sasa kaunti zote mbili zilikuwa zikidai ushuru, na mama mwenye tenga la nyanya akivuka kutoka upande huu kwenda ule anadakwa na askari wa upande wa pili. Diwani aliamini kwa moyo wake wote kwamba soko lile ni letu na majirani wametupora. Ukitaka kumwona akipandisha mori, mtajie watu wa kaunti ile. Hata bustanini, mmoja wao akija kuomba chai, Diwani alimmiminia nusu kikombe.

Mimi nilihamia Jeddah dada yake Madam alipojifungua akataka yaya. Ikama yangu, yaani kibali cha kuishi, ikahamishwa, nikaaga jikoni, mpishi akaninyooshea kijiko huku analia. Jeddah nilikuta watu wetu wengi: wanawake wa majumbani, wafagiaji wa hospitali, walinzi wa maghala kule bandarini. Wote walikuwa kwenye chama kimoja na Riyadh, na kila jambo liliamuliwa na kamati ya Riyadh, Ijumaa, bustanini, chini ya koti la kijivu. Msichana akiugua Jeddah Jumamosi, anaambiwa avumilie mpaka Ijumaa.

Hapo ndipo yalipokuja mablanketi. Baridi ya Riyadh ya Januari si mchezo, na kamati ilipitisha kwamba kila mwanachama apewe blanketi, la manyoya, zito, lenye picha ya simba. Fungu letu likaletwa kwa basi. Jeddah mwezi huo tulikuwa tukilala na feni, milango wazi, shuka tumezisukumia miguuni. Na tulichokuwa tumekiomba ni kimoja tu: kusaidiwa kupanga chumba Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ili msichana aliyemaliza mkataba akingoja safari asilale kwenye korido ya ajenti. Nilipiga simu nikiwa nimekaa juu ya rundo la simba.

"Diwani, mablanketi yamefika."

"Vizuri. Mmegawana?"

"Hoja ya nidhamu, mzee."

"Haya, sema."

"Huku hatuna baridi. Tuna jasho."

"Kamati ilipitisha kwa kauli moja."

"Kamati inalala Riyadh. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuachieni Jeddah tujiamulie mambo ya Jeddah."

"Yaani mnaniondoa kwenye kiti. Tena."

Sauti ilikuwa imemshuka. Nilijua tunamwomba nini. Kiti kile cha bustanini ndicho pekee kilichombakia, na kilimsaidia kuamka Jumamosi na kuosha magari ya watu. Nilijiona mkatili, lakini sikurudisha neno langu.

Ijumaa iliyofuata alisimama pale Dirah, na hoja ya kuipa Jeddah madaraka yake akaileta yeye mwenyewe. Nilisimuliwa. Watu wa Riyadh walipinga: Jeddah watafuja, Jeddah wachanga, Jeddah ni wanawake watupu. Diwani akawajibu, "Kisu hiki kilinikata mimi, kwa hiyo najua kinakata. Wapeni." Akaandika na kanuni zake, nzuri kweli, mojawapo ikisema mwanachama atapiga kura pale alipo siku hiyo, awe wa Riyadh au wa Jeddah.

Sitaki kudanganya kwamba tulianza vizuri. Tulianza kwa kugawana vyeo. Ilifika mahali tukawa na viongozi wengi kuliko wafuasi, akiwemo mratibu wa vikombe. Jambo letu la kwanza kubwa lilikuwa kununua sufuria ya pilau isiyopita kwenye mlango wowote wa Jeddah. Kwa mwezi mzima tuligombana kwa sababu yake, hadi mwenye mkahawa mmoja wa Kisomali, kule Balad, alipotuhurumia akaiweka uani kwake. Nilimpigia Diwani kwa aibu, nikitegemea atasema, "Niliwaambia". Alicheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ndiyo kaunti yenyewe! Yetu ilianza na gari la gavana. Nyinyi mmeanza na sufuria, mko mbele."

Polepole tukatulia. Tulimchagua Halima kuwa mwenyekiti, mfagiaji wa hospitali, mwanamke mwenye sauti ndogo asiyependa maneno mengi, na nusu ya vyeo akavifuta siku ya kwanza. Chumba cha Balad tukakipata. Msichana akiugua asubuhi, jioni yuko kwa daktari na mmoja wetu ameketi naye. Wasiokuwa na siku ya mapumziko walihudhuria kwa simu, wamejifungia chumba cha kufulia, na kura zao zilitufikia kwa ujumbe wa sauti na ngurumo ya mashine nyuma. Hata Riyadh wakaanza kutuuliza tunafanyaje. Nilijivuna, na sioni haya kusema.

Mwaka jana Ramadhani, Baba na familia yake walikuja Jeddah wakashukia kwa dada yake Madam, yaani kwetu. Diwani aliendesha njia nzima kutoka Riyadh. Wao walipokwenda Makka kwa umra, walipanda gari la shemeji, kwa kuwa Diwani ni Mkristo na kule haingii. Akabaki Jeddah na gari kubwa na siku kadhaa za bure. Alikuwa amepungua mwili, nywele nyeupe, lakini koti ni lile lile. Nilimwambia Ijumaa kuna chai yetu Balad, baada ya kufuturu, ghorofani kwa yule Msomali. Akafika kabla yetu sote.

Hoja ya siku hiyo ilikuwa Nduku. Alikuwa amemaliza mkataba, kafili amemtolea viza ya kutoka, kisha kafili na familia yake wakasafiri ng'ambo. Tiketi, kafili alisema aulizwe ajenti. Ajenti akasema aulizwe kafili. Viza ilikuwa inaisha keshokutwa, na ikiisha akiwa bado yuko nchini, faini zinaanza, karatasi zinarudi mwanzo, na mwenye kuzirudisha hayupo. Mamake alikuwa mgonjwa nyumbani. Nduku alikuwa ameketi pembeni, begi liko tayari magotini. Tatizo ni kwamba hakuwa wa kwetu. Alikuwa wa kaunti jirani, ile ile ya soko.

Halima akaeleza, akauliza kama mfuko wa Jeddah umkatie tiketi. Diwani akanyanyua mkono.

"Mwenyekiti, mimi namhurumia huyu binti," akasema. "Lakini mfuko una wenyewe. Wamechanga watu wa kaunti yetu, kwa masharti. Akianguka wetu kesho tukute mfuko mtupu, tutamwambia nini? Mpaka ni mpaka. Ukishauruka mara moja, hauna tena."

Hakuwa anasema upuuzi. Wawili watatu walitikisa kichwa kumkubali. Nduku akatazama sakafu.

"Akianguka wetu kesho, tutachanga kesho," Halima akasema. "Huyu ameanguka leo."

Nami nikasimama. "Diwani, ulisema mambo ya Jeddah yaamuliwe na Jeddah. Sasa huyu si yuko Jeddah? Hapa mpaka uko wapi? Kati ya Balad na bandari?"

"Nilisema muamue. Sikusema muamue vibaya."

"Mzee wangu," akasema Halima kwa ile sauti yake ndogo, "si ndiyo kujitawala huko? Hata tukikosea, tukosee sisi."

Watu wakacheka, Diwani hakucheka. Kura zikapigwa. Mikono ya ndiyo ilinyanyuka, wangu ukiwemo, huku sithubutu kumtazama. Mikono ya la ilikuwa michache, na ule wa koti la kijivu ulikuwa juu kuliko yote. Kisha simu zikaanza kusema: ndiyo, pamoja na mashine ya kufulia, ndiyo, kwa mnong'ono, madam yuko sebuleni, ndiyo jamani, mkate tiketi muache maneno. Halima akasema, "Halas, basi, imepita," na akashika simu kutafuta ndege.

Mimi nilikuwa namwangalia Diwani. Mara ya mwisho aliposhindwa mtu huyu alihama nchi. Alikaa mikono magotini, nami niliona tumemvunjia heshima mbele ya watu wake, Ramadhani, tena kwa ajili ya mtu wa soko lile. Halima akatangaza tiketi imepatikana, kesho mchana. Ndipo Diwani alipoinua uso.

"Na nani anampeleka uwanjani?"

Wengi wetu kesho yake tulikuwa kazini. Akatoka kibarazani akampigia Baba huko Makka. Tulimsikia akieleza kwa Kiarabu chake, hoja moja moja, kisha akarudi. "Baba amesema yalla, niende. Petroli yangu."

Kesho yake mimi na Halima tuliomba ruhusa tukaenda nao. Nduku alikaa mbele, kwa sababu Diwani aliamuru. Kisha Diwani akakohoa.

"Mamako anafanya kazi gani, binti?"

"Huuza nyanya sokoni. Pale mpakani, upande wetu."

Nilifumba macho huku nyuma.

"Upande wenu," Diwani akasema polepole. "Hivi wale askari wa ushuru bado wanawasumbua?"

"Sana! Wa kwenu ndio wabaya zaidi, mzee. Wa kwetu wamezoea."

Halima akanibana mkono. Halafu Diwani akaanza kucheka, kicheko cha kweli kutoka tumboni, gari likayumba kidogo. "Mwambie mamako," akasema, "kwamba diwani mmoja wa zamani anamwomba radhi kwa niaba ya askari wa kwetu." Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akamwambia abiria achague redio anayotaka.

Uwanjani tulimsindikiza Nduku mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Akatushika mikono, akambusu Halima, akaingia. Tulisimama kungoja, maana hofu yetu yote ilikuwa kwenye dirisha la pasipoti. Afisa akisema viza ina kasoro, tumerudi Balad naye. Watu walipita na masanduku yao na madumu ya zamzam. Diwani alihesabu vigae vya sakafu kwa ncha ya kiatu, na nilipoona midomo yake inatembea nikajua anasali. Yeye aliyepiga kura ya la.

Simu ya Halima ikalia. Akasikiliza, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Amepita! Wamegonga muhuri, amepita!"

Nikamrukia Halima. Diwani akarudi nyuma hatua, akanyoosha mgongo, akatukazia macho ya ukali.

"Mwenyekiti," akasema, "jana ulisema halas ukashika simu. Hoja haimalizwi hivyo. Matokeo hutangazwa."

"Basi tangaza wewe, mzee."

Akavuta pumzi. Akatazama ukumbi ule mzima, mahujaji na walinzi na watoto waliolala juu ya mabegi, kana kwamba wote walikuwa wapiga kura wake. Kisha, kwa sauti iliyowahi kujaza viwanja vya shule bila kipaza sauti, uso ukimng'aa kuliko nilivyowahi kumwona, akatamka:

"Waliosema ndiyo, wameshinda!"

Askari akageuka. Halima akaanza kupiga makofi, nami nikapiga, na Diwani akapiga kwa nguvu kutushinda sote. Mchukuzi mmoja wa Kibangladeshi, ambaye hakujua hata kidogo ni nani ameshinda nini, akaliacha toroli lake akapiga makofi pamoja nasi.